Mzazi Mwenzangu, Usishone Mlango wa Hema

Mzazi mwenzangu, karatasi za kambi zimeshagawiwa tena kanisani, na najua mtoto wako ameanza kukusumbua na orodha yake: blanketi, sahani, kikombe, Biblia, tochi, viatu vya kufunga. Kabla hujashika sindano, nisome mimi kwanza. Nasema sindano kwa sababu mimi ni fundi cherehani, na balaa langu lilianzia hapo. Wewe kama ni mpishi, lako litaanzia kwenye sufuria. Kila mtu na chombo chake cha kujiaibishia.

Nina binti mmoja, ana miaka kumi na mitatu. Wanamwita Kengele, kwa sababu akicheka, hata wa nyumba ya tatu wanajua kuwa kuna mtu kacheka. Yumo kwenye klabu ya vijana ya kanisa, wale wa skafu za bluu, ambao kila mwaka wakati wa likizo huenda kulala kwenye mahema kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili asubuhi, kwenye uwanja ulio nyuma ya chuo cha zamani cha kilimo. Si mbali, ni mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Lakini mtoto wako akilala huko, saa moja hiyo inakuwa nchi nyingine.

Mwalimu wao ni kinyozi. Siku za kazi ananyoa watu kwa upole, anauliza, "Hapa nipunguze au niache?" Akishavaa skafu na kuning'iniza filimbi shingoni, anakuwa Kamanda, na haulizi mtu kitu.

Sasa nieleze kosa langu la mwaka juzi, ili ulielewe la mwaka jana. Mwaka ule nilikwenda kambini mara tatu. Mara ya kwanza nilipeleka chupa ya chai, kwa sababu watoto walikuwa wanalala nje na mtu akilala nje lazima aamke na kitu cha moto. Mara ya pili nilipeleka sweta, kwa sababu niliona wingu. Mara ya tatu nilifuata chupa yangu. Matokeo yake ni kwamba mwanangu alirudi nyumbani akiitwa Chupa ya Chai. Wakikutana naye njiani wanamuuliza, "Chupa, umejaa?" Akawa anajibu kwa kutabasamu tu. Wiki tatu nzima sikusikia kicheko ndani ya nyumba. Baba yake, ambaye ni fundi bomba na mtu wa maneno machache, alisema, "Nyumba imekuwa kimya kama bomba lisilo na maji." Nilijua anamsema nani.

Ndiyo maana mwaka jana Kamanda akaongeza sheria. Aliitangaza kanisani, macho kayaelekeza kwenye dari: mzazi yeyote akionekana kambini kabla ya Jumapili, hema la mtoto wake linakosa bendera. Watu wote wakageuka kunitazama. Hata mzee mmoja asiyesikia vizuri aligeuka.

Bendera yenyewe ni hivi. Hema linaloongoza kambini ndilo linalotangulia kuingia kanisani Jumapili, mbele ya kwaya, na kiongozi wa hema ndiye anayeibeba. Na mwaka huo, kwa mara ya kwanza, Kengele alichaguliwa kuwa kiongozi wa hema, yeye na wasichana watano chini yake. Alinifuata kwenye cherehani, akasimama mbele yangu na skafu yake ameipiga pasi mpaka inasimama.

"Mama, niahidi."

"Nimekuahidi."

"Sema yote."

"Naahidi sitakuja kambini."

"Wala hutamtuma mtu."

"Wala sitamtuma mtu."

"Wala hutapita tu kwa bahati mbaya."

Hapo nikajifanya natunga uzi kwenye sindano. Nilikuwa nimeshaipangia bahati mbaya hiyo siku ya Jumamosi. "Haya," nikasema, "wala sitapita kwa bahati mbaya."

"Mama, nikiikosa hii bendera kwa sababu yako, mimi na klabu basi tena. Narudisha skafu."

Na hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja saa. Hilo ndilo lililonitisha.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini jioni ileile Kamanda akaniletea mahema matano niyatengeneze, kwa sababu zipu za milango zilikuwa zimekufa. Akayamwaga barazani, akaondoka. Mahema manne niliyawekea zipu mpya, kazi safi, kila moja kwa muda mfupi tu. La tano ni lile lenye alama ya njiwa, hema la Kengele.

Nikalishika lile hema, nikaanza kufikiri, na mimi nikifikiri huku nina uzi mkononi ni hatari. Zipu, nikajiambia, hata ukiivuta mpaka chini, hubakiza nafasi ya kidole. Nyoka anahitaji nini zaidi ya nafasi ya kidole? Na tandu je? Basi nikashona sehemu ya chini ya mlango, kutoka ardhini mpaka usawa wa magoti, uzi wa nta, mara mbili. Juu ya hapo zipu sikuiweka kabisa. Niliweka vifungo. Nilikuwa na vifungo vikubwa vya koti, vyeusi, kumi na vitatu, nikavipanga vyote kwa ndani, na matundu yake nikayabana ili vikae. Nyoka, hata awe na akili namna gani, hawezi kufungua kifungo.

Baba Kengele alipita akaangalia. "Hilo ni hema au gunia la posta?"

"Ni usalama," nikamjibu.

"Na watoto wanatokea wapi?"

"Mlangoni."

Akatazama tena, akatikisa kichwa, akaenda kuoga. Ningemsikiliza. Na wewe kama una mume anayeuliza maswali mafupi, msikilize.

Ijumaa wakaondoka wakiimba. Nilipunga mkono mpaka bega likauma, na sikwenda popote. Usiku nililala vizuri kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu ile. Kila nikigeuka kitandani nilimwona nyoka amesimama nje ya hema la njiwa, anahesabu vifungo, anakata tamaa, anarudi kwao.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nikawa natafuta karatasi ya kuandikia vipimo vya mteja. Ukutani, juu ya cherehani, Kengele alikuwa amebandika ratiba ya kambi. Nikaibandua nigeuze upande wa nyuma, jicho likaangukia Jumamosi: "Saa nne. Zoezi la moto. Wote ndani ya hema, mlango umefungwa. Filimbi ikilia, Kamanda anahesabu mpaka ishirini. Akifika ishirini, hema liwe tupu na wote wawe mstarini."

Nikasoma mara ya pili. Moto. Hesabu ishirini. Wasichana sita. Vifungo kumi na vitatu, na matundu niliyoyabana mimi mwenyewe kwa vidole hivi.

Mzazi mwenzangu, nilikuwa nimewalinda watoto na nyoka ambaye hayupo, nikawafungia na moto.

Nikapiga simu ya Kamanda, ikawa imezimwa. Kambini simu huzimwa zote, yake ikiwa ya kwanza. Nimtume baba Kengele? Naye ni mzazi, tena alikuwa ameingia chini ya sinki la watu tangu alfajiri. Nimtume jirani? Nimeahidi sitamtuma mtu. Nisipokwenda, kuna siku moto utakuwa si zoezi. Nikienda nikaonekana, bendera hakuna, skafu inarudishwa, na ndani ya nyumba kicheko basi. Kwa hiyo nikaamua nitakwenda na sitaonekana. Kama saa nne wote wako ndani ya mahema, basi kabla ya hapo lazima wawe mahali pengine. Nitaingia, nifumue, nitoke. Hata nyasi zisijue.

Nikachukua mkasi mdogo wa nyuzi, nikapanda baiskeli ya baba Kengele yenye sanduku la spana nyuma, likawa linapiga kelele njia nzima kama bendi. Nilisali huku nakanyaga: "Bwana, nifikishe kabla ya saa nne, na unifiche." Naona alisikia nusu ya kwanza.

Baiskeli niliiacha kwenye kichaka, nikachungulia. Watoto wote walikuwa upande wa pili wa jengo, wanaimba pambio na kupiga makofi, na sauti ya Kengele iko juu ya zote. Mahema matano yalikuwa yamepangwa mstari mmoja, hakuna mtu. Nikainama, nikakimbia, fundi mzima wa miaka arobaini na minne, nikalifikia la njiwa. Mlango ulikuwa wazi, vifungo vimening'inia. Nikaruka ule mshono wa chini, nikaanguka ndani juu ya mabegi.

Nikakaa kitako, nikaanza kufumua. Jamani, ile kazi nilikuwa nimeifanya vizuri! Uzi wa nta hautaki hata kuuona mkasi. Nilikuwa nimefumua kiasi cha kiganja tu pale pambio lilipokatika na Kamanda akapaza sauti: "Kila mtu hemani kwake! Leo tunaanza mapema!"

Miguu ya watoto ikaanza kutikisa ardhi. Nikajikunja pembeni mwa mlango, nikajifunika blanketi, nikaacha kupumua.

Wakaingia mmoja mmoja wakirukia ndani kama mbuzi. "Vifungo!" akaamuru Kengele, na nikasikia mikono inafanya kazi, haraka, kwa mpango. Kisha mmoja akanikalia. Ni yule wanayemwita Miwani, mtoto mzito kidogo, Mungu ambariki.

"Kengele," akasema Miwani, "begi lako linapumua."

"Mabegi hayapumui."

"Hili linapumua. Na lina joto."

Blanketi likafunuliwa polepole. Nikaona nyuso sita zimeniinamia, na uso wa katikati ni wa mwanangu.

"Mama," akasema.

Wale watano wakaangaliana, halafu, kwa kuwa wamelelewa vizuri, wakasema kwa pamoja kwa kunong'ona, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu," nikanong'ona nami, Miwani bado yuko juu ya goti langu.

"Mama, uliahidi."

"Ni vifungo, mwanangu. Vifungo viko kumi na vitatu, na moto—"

"Tunajua viko kumi na vitatu! Tulivihesabu tangu jana jioni, tulipokwama. Mtoto wa mchungaji alitaka kwenda haja, karibu alie."

"Nililia kidogo," akasema mtoto wa mchungaji.

"Tukafanya mazoezi mpaka giza likaingia. Kila mtu vifungo viwili, vyake, havibadiliki. Kile cha kumi na tatu ni changu, cha kumalizia. Sasa wewe umekiegemea." Nikatazama. Kweli, kifungo cha chini kabisa kilikuwa nyuma ya mgongo wangu.

Kabla sijasema neno, filimbi ikalia.

"Moja!" akanguruma Kamanda huko nje. "Mbili!"

Sijawahi kuona kitu kama kile, na mimi nimefundisha wanafunzi wa cherehani miaka kumi. Mikono sita kushoto, mikono sita kulia, hakuna anayemgonga mwenzake. Tatu, nne, tano, vifungo vinaruka kama bisi. "Mama, cha chini!" Vidole vyangu vikakumbuka kazi yake vyenyewe, nikakisukuma kile cha kumi na tatu kikatoka. Sita! Mtoto wa mchungaji akaruka nje. Saba, nane, Miwani akapita akiwa ameshika miwani. Kamanda alipofika kumi walikuwa nje wote, isipokuwa Kengele, maana kiongozi hutoka mwisho.

"Toka, mama."

"Nitajifunika tena. Nenda, mwanangu, kimbia!"

"Hema lazima liwe tupu! Kamanda anachungulia kila moja!"

"Akichungulia nitakuwa begi."

"Mama, nimekwambia toka! Ungekuwa moto ningekuacha?"

Kumi na mbili. Akaruka nje, akanyoosha mikono. Nikatoa mguu mmoja mlangoni, nikatoa kichwa, mabega, halafu nikafika kiunoni, nikakwama. Ule mlango, mzazi mwenzangu, niliupima kwa watoto. Na chini, uzi wangu wa nta nilioufumua nusu ulikuwa umejizungusha kwenye kiatu cha mguu uliobaki ndani.

"Vuteni!" akapiga kelele Kengele. Wasichana wote sita wakanishika mikono. Kumi na tano! Wakavuta. Kigingi cha kwanza kikang'oka, pwap. Cha pili, pwap. Halafu vyote, pwap pwap pwap, na hema zima likanyanyuka kutoka ardhini, likanifuata. Nguo ninazoshona mimi hazikubali kuachana na mtu. Tukakimbia, mimi katikati, hema limenivaa kiunoni, linaburuza nyuma mablanketi, sahani na Biblia sita.

"Kumi na tisa!"

Tukasimama mstarini. Wa kwanza kambi nzima. Wavulana wa hema la pili bado walikuwa wanabishana nani avute zipu.

"Ishi..." akasema Kamanda, na filimbi ikamdondoka mdomoni.

Alitutazama. Akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kidole kikafika kwangu kikasita. Akatazama pale hema lilipokuwa. Palikuwa na nyasi zilizolala tu.

"Kweli hema ni tupu," akasema taratibu. "Miaka tisa nafanya zoezi hili. Sijawahi kuona hema lenyewe likikimbia moto."

Hapo kambi ikapasuka. Watoto karibu thelathini walianguka chini wakishika matumbo. Mmoja alikuwa anapiga ardhi kwa ngumi. Mimi sikuwatazama. Nilimtazama mmoja tu. Kengele alikuwa amebana midomo, mabega yanatetemeka, nami sikujua kama kinachokuja ni kilio au nini.

Kamanda akainua mkono, wakanyamaza. Akanisogelea, na nikaona yule kinyozi amerudi usoni mwake, yule wa nipunguze au niache.

"Fundi," akasema, "mahema haya wewe ndiye uliyeyatengeneza. Labda umekuja kuikagua kazi yako. Fundi si mzazi. Sheria inamkataza mzazi." Akaniangalia sana. "Umekuja kama fundi, siyo?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, bila kifungo hata kimoja. Mkasi ulikuwa mkononi, ushahidi kamili. Wasichana watano walikuwa wananitikisia vichwa: ndiyo, sema ndiyo. Kengele peke yake hakutikisa. Alinitazama tu, kama alivyonitazama siku ile kwenye cherehani.

"Nimekuja kama mzazi," nikasema. "Niliahidi sitakuja, nimekuja. Na ningekuja kama fundi ningesema ukweli kabla ya Ijumaa. Mlango wa hawa niliufunga kwa woga wangu, nikawafungia watoto sita ndani. Wametoka kwa akili zao, si kwa kazi yangu."

Kamanda akavuta pumzi. "Basi bendera inakwenda kwa wanaofuata kwa alama, hema la pili."

Wavulana hata hawakushangilia, walikuwa bado wanagombania zipu.

Nikamgeukia mwanangu nimwombe radhi, na mguu ukasahau kwamba una hema. Nikaenda chini, puuu, hema likanifunika mpaka kichwani, na kutoka humo ndani, gizani, nikakisikia. Kicheko. Kile chenyewe, cha nyumba ya tatu. Alicheka mpaka akakaa chini, akaingiza kichwa chini ya turubai kunitafuta, akanikuta, akacheka tena usoni kwangu.

"Mama, wewe ni balaa," akasema, machozi yanamtoka. "Yaani wewe ni balaa!"

"Skafu unarudisha?"

"Nirudishe sasa hivi wakati hata hawa wa zipu hawajatoka? Nani atawafundisha?"

Na kweli, mchana ule Kamanda alimvalisha ile filimbi, akamwambia awapange watu wa mahema yote kama alivyowapanga wake, kila mtu na kazi yake mlangoni. Mimi nilikalishwa juu ya ndoo mbele ya wote, nikafumua mshono wangu na kukata vifungo, kila kimoja kikishangiliwa. Nilipomaliza, Kengele akanisindikiza mpaka kwenye kichaka.

"Nenda nyumbani, mama. Na usipite kwa bahati mbaya."

Jumapili bendera ilibebwa na mvulana wa hema la pili, akaipinda kidogo. Nyuma yake walikuja wasichana sita, na kila skafu ilikuwa na vifungo viwili vyeusi vya koti, vimeshonwa vibaya sana, kwa uzi usiolingana. Mwenzangu wa kwaya akaniuliza hiyo ni mitindo gani mipya. Nikamwambia aimbe.

Mwaka huu Kamanda kaniletea mahema tena. Zipu tano, kazi safi. Jana Kengele alikuja kuyakagua kabla hayajachukuliwa. Alifungua na kufunga kila mlango, akihesabu kwa sauti, akapitisha kidole chini kote. Hakukuta kitu. Akageuka.

"Mama, fungua mkono."

Nikafungua. Mtupu. Wa pili, wenye uzi wa nta, niliuacha nyuma ya mgongo.

"Na ule mwingine."